Kipimo Kilisema Huna Malaria

Kipimo kilisema huna malaria.
Tabibu wa zahanati alikigeuza mara mbili kile kijiti,
akakiinua juu kana kwamba jua la Sanzawa linajua kusoma,
akaniambia, mpe maji mengi, mrudishe nyumbani.
Maji mengi! Mwezi wa kumi,
mto umebaki mchanga, na shimo letu ndoo mbili kwa zamu.

Nilikupakia nyuma ya baiskeli kama gunia.
Gunia, Tarsisi, lingekuwa zito kukuliko.

Mwalimu alishaandika: utoro, uvivu, kiburi.
Baba mdogo akasema ni umri, utapita kama tetekuwanga.
Mama mchungaji akasema kuna kitu kimekukalia kifuani,
akakiamuru kitoke, akakiamuru tena.
Ulimwamkia "Shikamoo," ukageukia ukuta.

Mimi nilihesabu.
Siku kumi na tisa hujaoga.
Siku ishirini na sita mizinga ya babu haina wa kuitazama.
Usiku sikuhesabu.
Usiku niliyasikia macho yako yakiwa wazi.

Neno lenyewe nilipewa na nesi mgeni, Mnyaturu,
aliyekuja na pikipiki ya chanjo.
Sonona, alisema.
Nikadhani ni jina la binti wa Singida.
Nililibeba njia nzima, so-no-na,
laini, halina hata kidoko kimoja,
ulimi unalimeza kabla ya kulionja.
Nikatafuta la kwetu la kulishika mkono:
nyuki wamehama,
masega yamebaki meupe, makavu,
mzinga unaning'inia palepale
na mpita njia anadhani umejaa.
Hilo.
Nilikuambia hilo.

Ndipo ukanisimulia bweni.
Jinsi walivyokuketisha juu ya sanduku baada ya taa kuzimwa,
sema jina la bibi yako, sema tena,
shilingi mia kwa kila kidoko,
wakicheka hadi vitanda vikagongana.
"Nilizipokea, dada," ulisema. "Nilitaka sabuni."
Kisha ukanyamaza sana, halafu:
"Nikaona afadhali nisiwe na lugha yoyote."

Miaka kumi na mitano. Ulisema hivyo
kama mzee anayerudisha jembe la watu.

Tangu siku hiyo kamba ya kupandia mizinga
naiweka chini ya kichwa changu, nalala juu yake.
Mama aliiona. Hakuuliza.
Alileta kisu cha kurinia asali, akakifunga ndani ya khanga yake,
akakilaza kando ya kamba.
Tukalala hivyo, mimi na yeye, kama walinzi
wasiojua adui atakuja na sura gani,
wala kama atakuja, wala kama tayari yumo.

Kisimani wameanza: watampeleka Mirembe huyo.
Wanalitamka kama tusi.
Sikuwajibu. Ndoo ilikuwa kichwani,
na mtu mwenye ndoo kichwani hapigani.
Nesi anasema si lazima iwe mbali hivyo,
kuna wa kuongea naye Kondoa, na vidonge vikihitajika, vidonge.
Alisema "si kosa lake" mara tatu,
ya tatu alikuwa ananitazama mimi.

Jana jioni uliuliza nani ameng'oa betri za tochi.
Jambo dogo, la ugomvi wa kila nyumba.
Lakini uliuliza kwa lugha yetu, na kidoko chake kikaanguka katikati
kama kokoto ndani ya sufuria tupu.
Mama akaacha kupepeta.
Ni mimi, nilisema. Nilitaka kusikiliza redio.
Hukucheka. Hukuinuka kula.
Ila ulilala umetazama mlango.

Nilichukua mkaa nikaandika ukutani: siku ya kwanza.
Nikafuta kwa kiganja. Nisije nikaitisha.

Alhamisi tunakwenda Kondoa.
Shati lako la bluu nimelifua kwa maji ya zamu yangu.
Bado halijakauka kwenye kola.